Maswali Yenu: Ridge Kabadilika Sura, Taylor Kafufuka, Sally Hatukumzika

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu The Bold and the Beautiful, kwamba ilianza 23 Machi 1987 kule Marekani kwenye stesheni ya CBS na mpaka leo bado inarekodiwa, basi jamani meseji zilizoingia sijawahi kuona. Kumbe tuko wengi hivi! Wengine mmeuliza mambo ambayo hata mi nilikuwa nayo moyoni miaka mingi, kwa hiyo leo maswali ya ving'amuzi na vifurushi yatasubiri, leo ni tamthilia tu.

Assalaam aleikum dada. Mimi Bold nilikuwa naiangalia KTN nikiwa bado kwetu, nikaolewa, nikaingia kwenye mambo ya kulea nikaiacha. Juzi binti yangu kaifungua kwenye simu, nasikia mtu anaitwa Ridge, natazama si Ridge! Mwanamume mwingine kabisa, ana ndevu na sauti nzito. Huyu nani, na yule wetu wamempeleka wapi? (Msomaji, Likoni)

Waaleikum salaam dada yangu, umenikumbusha mbali. Ridge wetu, yule wa taya, ni Ronn Moss, na aliondoka 2012 baada ya miaka 25. Zaidi ya mwaka mzima Ridge akawa ni jina tu la kutajwa, yuko Ulaya, yuko Ulaya, mpaka Desemba 2013 akaingia huyu Thorsten Kaye na watu wote mle ndani wakamwita Ridge kama vile hakuna kitu kimetokea. Mi siku hiyo nilizima TV. Nilihisi kama mtu kaingia nyumbani kwa watu kavaa nguo za mwenye nyumba.

Kilichonirudisha ni Brooke. Katherine Kelly Lang ndiye Brooke tangu epsodi ya kwanza, na John McCook vilevile ndiye Eric, mzee wa familia ile, tangu siku ile ya kwanza. Sasa ukimuona Brooke anamtazama huyu mgeni kwa macho yaleyale, yale ya mtu aliyeolewa akaachwa akaolewa tena na bwana yuleyule, unajikuta umekubali, manake yeye ndiye anayemjua Ridge kuliko sisi sote na yeye kamkubali. Ndio maana nasema sura moja ikibadilika si msiba, ila wale waliobaki pembeni yake lazima wakumbuke yote, wakisahau tu imekwisha.

Na Ridge si peke yake. Mdogo wake, Thorne, ameigizwa na watu wanne, Clayton Norcross, halafu Jeff Trachta, halafu Winsor Harmon, halafu Ingo Rademacher. Mwigizaji akiondoka waandishi wana njia tatu tu: wamuue, wamsafirishe, au wamtafutie mwingine avae jina. Ridge huwezi kumuua, hadithi nzima imening'inia kwake. Thorne walimsafirisha na kumrudisha mpaka watu wakachoka, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko la Ridge, manake Thorne hakuna aliyekuwa anamkumbuka akiwa hayupo.

Shikamoo anti. Naomba kuuliza, mbona watoto kwenye hizi tamthilia wanakua kama wamemwagiliwa mbolea? Leo anabatizwa, kesho kutwa anagombania mchumba. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Mfano mzuri ni Steffy, binti wa Ridge na Taylor. Yeye na pacha wake Phoebe walizaliwa kwenye tamthilia mwaka 1999, hesabu ya kawaida 2008 angekuwa darasa la tatu, lakini 2008 ndipo akaingia Jacqueline MacInnes Wood, dada mtu mzima wa miaka 21, ofisini kwa babu yake anataka cheo. Yaani huyo Jacqueline mwenyewe kazaliwa 1987, mwaka uleule tamthilia ilipoanza.

Sababu ni ya kikazi kabisa. Kwa sheria ya California mtoto mchanga wa chini ya miezi sita haruhusiwi kuwa mbele ya kamera zaidi ya dakika 20 kwa siku, ndio maana mara nyingi wanatumia mapacha, huyu akilia wanamleta yule. Mtoto wa miaka saba naye hawezi kubeba hadithi ya mapenzi na hizi tamthilia bila mapenzi hazitembei. Kwa hiyo mtoto anapanda ngazi kwenda kulala, anakaa huko miezi kadhaa, akishuka ana nywele ndefu na ufunguo wa gari.

Mi hili halinisumbui sana, nalisamehe. Ninachodai ni kimoja tu, huyo mtoto akishuka awe anaijua historia ya mama yake. Steffy walimwandika vizuri kwa sababu alishuka na chuki ya Taylor dhidi ya Brooke imekamilika, kairithi kama mtu anavyorithi kanga za marehemu bibi. Ndio maana huyo amedumu na wenzake wengi wakapotea.

Dada mpendwa, mimi ni fundi cherehani wa siku nyingi. Swali langu moja tu, Sally Spectra alifia wapi? (Msomaji, Tanga)

Swali lako nimelisoma mara tatu.

Kwetu Majengo kulikuwa na jirani mwenye TV ya kabati, ile ya milango miwili ya mbao inayofungwa na ufunguo, juu yake kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki. Saa ikikaribia tunajaa sebuleni mpaka kizingitini, mtoto wao wa kiume yuko juu ya paa anazungusha antena, picha ni chenga tupu, halafu ghafla inatulia na watu wote wanapiga kelele kwa pamoja, hapo hapo! usiguse! Na kati ya wale kina mama walikuwapo mafundi watatu ambao walikuja na daftari. Hawakuwa wanafuata mapenzi ya mtu. Nguo ikipita kwenye jukwaa la Forrester, lile jumba la mitindo la kina Ridge, wanachora mkono, wanachora kola, yale mabega ya wakati ule, na Idi ikifika mitaa yetu yote imevaa Los Angeles kwa kitambaa cha Biashara Street.

Ndio maana Sally tulimpenda vile. Kina Forrester walikuwa matajiri wa kilimani, Sally na nywele zake nyekundu na hereni kubwa alikuwa na kiwanda cha kuiga, kazi yake ni kunakili nguo za Forrester na kuziuza kwa bei ya mtu wa kawaida. Alikuwa mwizi wa mitindo ndiyo, lakini alikuwa anacheka, anapenda wafanyakazi wake, na anapenda bila kipimo. Akitokea tu mafundi wanapiga vigelegele.

Aliyemwigiza ni Darlene Conley na alifariki Januari 2007. Sasa jibu la swali lako ni hili, Sally mwenyewe hakufa. Ndani ya hadithi hawakumzika, waliacha ieleweke kwamba yuko mahali fulani anakula maisha. 2017 wakamleta msichana anaitwa Sally Spectra, mjukuu wa ndugu yake, akiigizwa na Courtney Hope, akafufua jumba lile la mitindo kwa muda.

Najua walifanya kwa heshima, hawakutaka kumpa mtu mwingine avae nywele zile, na hapo nawapongeza. Lakini mi nilitaka matanga. Nilitaka Stephanie, mama yake Ridge, aliyemtukana miaka yote ile, akae kwenye kiti cha Sally kile kiwandani na alie. Sisi tuliokaa naye sebuleni miaka yote hatukupewa hata arobaini, na mpaka leo mtu kama wewe anaandika barua kuuliza alifia wapi. Msichana yule mpya alikuwa mzuri, ila jina peke yake halitoshi kumrudisha mtu.

Mambo anti! Taylor kafa mara ngapi? Na Sheila je? Kwetu tunasema steringi hafi lakini hii imezidi. (Msomaji, Bujumbura)

Poa mdogo wangu. Taylor mara ya kwanza ni miaka ya 90, ndege ilianguka, tukalia, kumbe yuko Morocco kwenye jumba la mwana wa mfalme. Mara ya pili 2002, kapigwa risasi na Sheila, tukalia tena, 2005 huyo karudi na mwana wa mfalme yuleyule ndiye aliyemficha. Hapo ni Hunter Tylo. Tangu 2021 akawa Krista Allen na tangu 2024 ni Rebecca Budig, kwa hiyo Taylor ana vifo viwili na sura si moja.

Sheila ndiyo kitabu kizima. Kimberlin Brown alikuja naye 1992 kutoka tamthilia nyingine ya watunzi walewale, The Young and the Restless, kwa hiyo alifika tayari ana madhambi yake kwenye begi. 2022 alijikata kidole cha mguu ili watu waamini kaliwa na dubu. Halafu 2024 Steffy akamchoma kisu Sheila akafa, maiti ikaonekana, na Deacon anayempenda yuko pale maiti inapopelekwa kuchomwa, anaitazama ile miguu, anahesabu vidole. Kumi. Sheila ana tisa. Kumbe aliyekufa ni mwanamke mwingine, Sugar, aliyefanyiwa upasuaji afanane naye.

Ukiniuliza, ile ya vidole ni ufufuo mzuri kuliko wote waliowahi kuandika, kwa sababu moja, waliukumbuka mguu. Jambo la miaka miwili nyuma ambalo mtazamaji wa kila siku analijua ndilo lililofungua mlango. Ile ya Taylor ya 2005 ilitutaka tusahau tulichokiona kwa macho yetu, hii ya Sheila ilitutaka tukumbuke. Hapo ndipo ilipo tofauti yote kati ya kumheshimu mtazamaji na kumwona mjinga.

Na wanaofufuka wakizidi, kifo kinapoteza uzito. Namshukuru Mungu Stephanie walimwacha apumzike. Susan Flannery alipoamua kuondoka 2012, Stephanie akafa kwa saratani ya mapafu akiwa mikononi mwa Brooke, yule msichana wa bondeni, mama yake mpishi wa sherehe za matajiri, ambaye Stephanie alimchukia tangu 1987 kwa kumtaka mwanawe. Miaka 25 ya matusi imeishia kwenye kukumbatiana. Hawakuhitaji maneno mengi pale, sisi tulikuwa na maneno yote tayari.

Anti, mimi nasomea mambo ya filamu. Naona zamani kulikuwa na maonyesho makubwa ya mavazi, sherehe, watu kibao. Sasa hivi ni watu wawili sebuleni wanabishana. Ni uvivu wa waandishi au hela? (Msomaji, Eldoret)

Hela mwanangu, kwa sehemu kubwa. Elewa hizi tamthilia za mchana Marekani ziliishi kwa matangazo ya biashara kwa mama aliyeko nyumbani. Mama akaenda kazini, stesheni zikawa mamia, na 1995 kesi ya O.J. Simpson ikarushwa moja kwa moja miezi na miezi ikikatiza vipindi, kuna watazamaji waliondoka wakati ule hawakurudi tena. Baada ya hapo ni kuzika tu. Guiding Light iliyoanza redioni 1937 na kuingia TV 1952 ikafungwa Septemba 2009. As the World Turns ya tangu 1956, Septemba 2010. All My Children ikaondoka kwenye TV 2011, One Life to Live Januari 2012. Days of Our Lives hata haipo tena kwenye TV ya kawaida kule kwao, tangu Septemba 2022 iko kwenye intaneti ya kulipia.

Bold imesalia kwa mambo mawili. La kwanza ni fupi, nusu saa pamoja na matangazo wakati wenzake ni saa nzima, kwa hiyo waigizaji wachache na seti chache. La pili ni sisi, watu wa nje. Italia wanaiita Beautiful tu na wameiangalia tangu 1990, ndio maana kila baada ya muda unaona harusi au ugomvi umehamia Italia, ile ni shukrani kwa mteja. Wasomaji wetu wa Ghuba mtakumbuka 2014 walipokuja kurekodi Abu Dhabi na Dubai na Ridge akadondoka baharini kutoka kwenye helikopta akapoteza kumbukumbu. 2017 wakaenda Sydney kwa harusi ya Steffy.

Kwa hiyo ile sebule ya watu wawili unayoiona ndiyo inayolipia helikopta. Wanarekodi epsodi zaidi ya moja kwa siku, seti inawashwa asubuhi na scene zote za sebule ile zinapigwa mfululizo hata kama ni za siku tofauti. Na wewe kama mwanafunzi tafuta epsodi za 2020. Korona iliwasimamisha Machi, Juni wakawa wa kwanza kurudi kati ya tamthilia za mchana kule, watu hawaruhusiwi kugusana, basi kwenye mabusu wakawaleta wake na waume halisi wa waigizaji, na pengine sanamu za dukani, kamera ikipigwa kwa nyuma. Tazama wanavyokaa mbali na bado unahisi wanapendana. Hapo kuna somo kuliko kwenye maonyesho ya mavazi ya zamani, japo na mi yale mavazi nayalilia.

Kwa nini zinaitwa tamthilia za sabuni? (Msomaji, Goma)

Kwa sababu redioni zilikuwa zinadhaminiwa na makampuni ya sabuni kama Procter & Gamble, yakimlenga mama anayefua.

Dada habari. Wote mnaongelea Bold, mi ni mtu wa Isidingo ITV. Kwa nini ilikufa? Na ile ya mwisho mwisho ilikuwa Isidingo kweli? (Msomaji, Temeke)

Nzuri kaka, na umeuliza kwa uchungu nimeusikia. Isidingo ilianza Afrika Kusini Julai 1998 na ilikuwa hadithi ya mgodi. Hilo watu wamesahau. Horizon Deep, mgodi wa dhahabu, vumbi, wachimbaji, nyumba za kampuni, weusi na weupe wameanza tu kukaa meza moja miaka minne baada ya uchaguzi wa 1994 na kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Familia ya Matabane upande mmoja, kina Haines upande mwingine. Baadaye hadithi ikahama polepole kwenda kwenye stesheni ya TV na ofisi za vioo, kina Barker Haines na yule Cherel, mwanamke ambaye mtaani kwenu nina hakika kuna mtu alibandikwa jina lake.

Kulikuwa na sababu, nchi yenyewe ilikuwa inahama hivyohivyo, hela zinatoka chini ya ardhi zinaingia ofisini, na mtangazaji wa biashara anapenda suti kuliko kofia ya mgodini. Na hata katika kuhama huko walifanya makubwa, Nandipha aliyeigizwa na Hlubi Mboya aliishi na virusi vya Ukimwi kwenye TV kila siku, akipenda, akifanya kazi, wakati ambao majumbani mwetu neno lenyewe lilikuwa linasemwa kwa kunong'ona. Hilo mi nililiona likibadilisha mazungumzo ya watu wazima kabisa.

Ila mgodi ulipotoweka, kitu fulani kilikatika. SABC, shirika la utangazaji la kwao, walisema watazamaji na mapato vimeshuka na epsodi ya mwisho ikarushwa kwao 12 Machi 2020. Kwa hiyo swali lako la pili jibu langu ni hapana, ya mwisho mwisho ilikuwa na jina la Isidingo lakini ungeweza kuihamishia mji wowote isibadilike.

Na usidhani mabadiliko yote yanatoka kwenye skripti. Generations, ndugu yake wa hukohuko, Agosti 2014 waigizaji 16 waligoma wakidai malipo na wakafukuzwa wote kwa mkupuo. Kipindi kikarudi Desemba mosi na jina limeongezwa, Generations: The Legacy, na sura nyingi mpya. Fikiria unawasha TV na mtaa mzima umehama.

Salaam kutoka Leicester. Kuna tamthilia yoyote ambayo mtu mmoja kaigiza tangu mwanzo bila kubadilishwa? (Msomaji, Uingereza)

Unayo hapo hapo kwenu. Coronation Street ilianza 9 Desemba 1960, na William Roache alikuwepo epsodi ile ya kwanza kama Ken Barlow, kijana mwanafunzi anayeona aibu mtaa wa baba yake, na amezeeka mlemle mbele ya kamera. Hakuna aliyecheza mhusika mmoja kwenye tamthilia ya TV muda mrefu kuliko yeye.

Anti shikamoo. Mama yangu aliipenda sana Bold lakini macho yake sasa hayaoni vizuri, anasikiliza tu. Nataka nimuwekee tena jioni tukikaa. Nianzie wapi? (Msomaji, Malindi)

Marahaba mwanangu, na Mungu akuzidishie. Usianzie epsodi za leo. Anza na zile za Stephanie anapoondoka, mwisho wa 2012, kwa sababu mama atazijua sauti zote mle ndani, ya Brooke, ya Eric, ya Stephanie mwenyewe, hutahitaji kumtafsiria nani anaongea. Siku ya kifo chenyewe usimsemeshe.

Baada ya hapo mweleze miaka iliyopita kwa mdomo wako, jioni mbili tatu, nani kaolewa nani kazaliwa, Taylor karudi, watoto wa Ridge wamekuwa watu wazima. Kisha mwekee za sasa. Lakini kabla hujawasha mwambie kwamba kuna mwanamume atakayeitwa Ridge na sauti yake hataijua, asije akadhani masikio nayo yameanza kumwacha. Msubirie Eric aongee, na ukiona mama kageuza shingo kuelekea kwenye TV, mshike mkono umwambie ndiyo, ni yeye yule.